Dada, nataka kucheza dubu ila mezani wote wananikatalia

Shikamoo dada,

Mimi ni kijana wa miaka 24, nipo Kinondoni. Kila Jumamosi jioni tunacheza Dungeons & Dragons kwa binamu yangu, ile gemu ya mezani ya kuigiza hadithi kwa madadu, yeye ndo DM, yaani msimulizi na mwamuzi, hii gemu aliijua alipokuwa anasoma Canada akarudi na begi la madadu na kitabu kimoja cha wachezaji cha 2014, na sasa hivi ameprinti zile sheria za bure za 2024 kwa hiyo tunachanganya changanya. Tupo watano. Kampeni iliyopita, yaani hadithi ndefu tuliyomaliza, nilikuwa fundi upanga, binadamu wa kawaida tu, akafa, sikulia sana kwa sababu hata sikuwa namjua vizuri.

Sasa kampeni mpya inaanza wiki mbili zijazo, nchi ya milima na theluji, na mi nataka kuwa dubu. Sio mtu anayegeuka dubu, hapana, dubu mwenyewe, anatembea kwa miguu miwili, anaongea, anakaa mezani na wenzake anakunywa supu. Nikwambie ukweli dada, hii kitu imetokana na babu yangu mzaa mama. Alikuwa mtu mkubwa sana, mpole, akiingia sebuleni watu wananyamaza bila yeye kusema neno, alafu huyo huyo anatubeba wajukuu wanne kwa mpigo. Tulikuwa tunamwita Dubu. Alifariki mwaka juzi. Nataka kucheza mtu kama yeye, lakini sijawaambia wenzangu sababu.

Nilitafuta mtandaoni nikapata jamii ya dubu (jamii ni aina ya kiumbe unayechagua kucheza) ambayo mtu kaitunga mwenyewe, nguvu +4, ngozi AC 17 (AC ni namba ya ugumu wa kukupiga), kucha 2d8 (dadu mbili za pande nane za maumivu), na mwili size Large, ule mkubwa kupita binadamu. Binamu kaisoma nusu akaikunja akanirudishia. Jamaa anayecheza elfu, wale watu wa masikio ya ncha, akasema nikipewa hiyo yeye anaacha. Alafu kila mtu akaja na lake, mmoja ananiambia chukua bugbear si jina lina dubu humo, mwingine kuwa druid, yule mchawi wa porini, ujigeuze, mwingine eti Afrika hakuna dubu bora uwe simba. Nikaondoka nimenuna.

Kwani hakuna jamii ya dubu ya ukweli? Na kama hakuna nifanyeje?

Dubu Bila Kabila, Kinondoni

—

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa babu.

Nianze na ulichouliza kisha tuje kwenye kazi. Kwenye vitabu vikuu vya D&D, cha 2014 wala cha 2024, hakuna jamii ya dubu ya kuchezwa, na hili limewauma wengi sio wewe tu, maana wanyama wengine karibu wote wamepata nafasi. Watu-paka Tabaxi walikuja 2016, kobe Tortle 2017, tembo Loxodon wakaja na kitabu cha Ravnica 2018, sungura Harengon 2021, na 2022 hata viboko, wale Giff, wakaruhusiwa kuchezwa. Dubu akabaki upande wa mazimwi. Yupo werebear, yaani mtu mwenye laana ya kugeuka dubu, na wapo quaggoth, viumbe weupe wenye manyoya na umbo kama la dubu wanaoishi mapangoni chini kabisa, ila wote hao ni wa DM sio wa kwako.

Nje ya hapo wapo. Kampuni ya Kobold Press ina dubu-watu wake kwenye ulimwengu wao wa Midgard, wanaitwa bearfolk, na hiyo ni kazi ya watu wanaojua kupima uzito wa sheria sio ile uliyookota. Pathfinder, gemu nyingine ya aina hii, mwaka 2024 walitoa kitabu cha Howl of the Wild, humo kuna jamii ya mnyama aliyeamka akili, unachagua mnyama wako, dubu ruksa. Starfinder, gemu ya anga za juu, nao wana dubu walioinuliwa akili na sayansi. Lakini wewe una meza ya watu watano, kitabu kimoja na makaratasi ya kuprinti, siwezi kukwambia nenda ukawahamishe wote kwenye gemu nyingine kwa ajili yako, na kuagiza kitabu kutoka nje kwa ajili ya kurasa mbili ni hela nyingi. Tutatumia kilichopo.

Kwanza nimtetee binamu yako. Hiyo jamii uliyopeleka alikuwa na haki ya kuikunja, na tatizo kubwa sio hata hiyo +4. Ni hilo neno Large. Kiumbe wa Large anakaa miraba minne kwenye ramani, nyie wote mnakaa mmoja mmoja, kwa hiyo kila korido, kila mlango wa pango, kila ngazi ya mnara aliyochora binamu inabidi afikirie wewe unapitaje, na kwenye uwanja wazi ndo unakuwa ukuta unaozuia watu wengi kwa mpigo, wenzako wanabaki kusimama nyuma yako wanaangalia. AC 17 bila kununua hata kofia maana yake yule mpiganaji anayehangaika kupata hela ya deraya ya chuma anajiona mjinga. Kwa hiyo jamaa wa elfu hakuwa na roho mbaya, aliona mbele.

Ila kwenye bugbear nakubaliana na wewe mia kwa mia. Bugbear ni ndugu wa goblini, mrefu, mikono mirefu, mwizi wa gizani, kazi yake kuvizia mtu na kumpiga kabla hajajua. Jina lenyewe ni neno la zamani la Kiingereza la kutishia watoto wasiolala, kama sisi tulivyotishiwa zimwi. Ukimsoma vizuri utaona hakuna hata chembe ya babu yako mle ndani. Babu alikuwa havizii mtu.

Druid je? Nimeona watu wengi wakishauriwa hivyo na wakaishia kusikitika. Druid wa Mwezi kwa sheria za 2014 anaweza kuwa dubu wa kahawia kuanzia levo ya 2, ana pointi 34 za uhai, kucha 2d6 na kuuma juu yake, kwa levo hiyo ni noma kweli kweli. Lakini ni mara mbili tu kabla ya kupumzika, saa zinahesabiwa, na ukiwa ndani ya lile umbo mdomo wa dubu hauongei. Wewe unataka dubu anayekunywa supu na kuongea na watu. Druid atakupa dubu wa kupigana na binadamu wa kuongea, ni watu wawili, na anayekaa mezani atakuwa sio yule uliyemtaka.

Sasa kazi yenyewe. Kwenye hayo makaratasi ya bure aliyoprinti binamu, tafuta Goliath. Najua imeandikwa ni watu wa damu ya majitu, usijali maandishi, angalia namba tu. Ana kitu kinaitwa Powerful Build, anahesabika size moja juu zaidi kwenye kubeba mizigo, na akikamatwa anapata advantage ya kujinasua, yaani anarusha dadu mara mbili anachukua kubwa. Hiyo ni nguvu ya mwili mkubwa bila kukaa miraba minne. Ulivyosema wajukuu wanne kwa mpigo mi niliwaza hapo hapo, ndo hii. Alafu unachagua urithi mmoja kati ya sita, na wewe nakuomba uchague ule wa Stone, ukipigwa unatumia reaction, ile nafasi ya kujibu hata kama sio zamu yako, unarusha d12, dadu ya pande kumi na mbili, unajumlisha Constitution, yaani uimara wa mwili, na maumivu yanapungua kwa kiasi hicho. Wenyewe wanasema ni ugumu wa jiwe. Wewe useme ni mafuta na manyoya, panga limeingia halijafika nyama. Kama ungependa kuwa mkali zaidi upo ule wa Hill, ukimpiga mtu anaanguka chini, nao ni wa kidubu kabisa, ila kwa jinsi ulivyomwelezea babu mi namuona anapokea zaidi ya anavyotoa.

Na kuna kitu cha tatu ambacho mi nilipokisoma mara ya kwanza nilisimama. Kuanzia levo ya 5 Goliath ana Large Form, kwa bonus action, kitendo kidogo cha ziada kwenye zamu yake, anakuwa Large kwa dakika 10, spidi inaongezeka futi 10 na vipimo vya nguvu anapata advantage, mara moja kwa siku mpaka alale. Watu wengi wanakisoma kama uchawi wa kuvimba. Mdogo wangu, hicho ni dubu anasimama! Siku zote anatembea kainama kidogo, mabega chini, asiwatishe watu, alafu siku moja kwenye ukumbi wa mfalme mtu anamtukana mwenzake na yeye anainuka taratibu mpaka kichwa kinagusa boriti na ukumbi wote unanyamaza. Hujarusha hata dadu moja ya kushambulia. Si ndo sebule ya kwenu hiyo?

Mambo mawili ya kuongeza, na hapa ndo uende na adabu kwa binamu. Omba kucha, 1d6 na nguvu, sio 2d8. Mwoneshe kwamba Tabaxi wa kitabu cha 2022 ana kucha hizo hizo 1d6, na upanga mkubwa wa kawaida unapiga 2d6, kwa hiyo kucha hazimvunjii kitu, zitakusaidia siku ukikamatwa bila silaha na siku nyingine zitabaki kuwa za kufungulia mizinga ya nyuki. Pili omba pua. Loxodon ana advantage kwenye kutambua, kufuatilia na kuchunguza chochote kinachohusu harufu, iba hiyo sentensi nzima. Ila usiombe bure, lipa. Goliath ana spidi 35, mwambie punguza iwe 30. Najua dubu halisi anamwacha binadamu yeyote kwenye mbio, lakini pua ile ni kubwa na binamu akiona umejitolea kitu mwenyewe kabla hajakwambia, mazungumzo yanabadilika kabisa.

Kama binamu atang'ang'ania sheria za 2014 peke yake, basi ipo njia mbili. Kuna Shifter wa kitabu cha Eberron cha 2019, tawi la Beasthide, na kitabu chenyewe kinasema wazi kwamba hao mara nyingi wana uhusiano na dubu au nguruwe mwitu, kwa hiyo hakuna wa kukubishia. Anaamsha mnyama wake kwa dakika moja, anapata pointi za uhai za muda na AC inapanda 1. Ni dubu wa vipande vipande lakini ni halali. Nyingine ni Loxodon mwenyewe, toa mkonga, weka kucha, acha pua. Ana ngozi yake ya AC 12 jumlisha Constitution na ana utulivu, advantage dhidi ya kutishwa na kurogwa.

Hiyo ya Loxodon naijua kwa sababu nimeicheza mwenyewe miaka miwili, dubu jike, kleriki wa kijiji. Na kosa nililofanya nakwambia ili wewe usilirudie. Miezi mitatu ya kwanza kila tukio mi nilikuwa nanguruma. Mlinzi wa geti akiuliza jina, nguruma. Mezani wakachoka na mimi nikachoka, hadi nikaenda kusoma dubu wa ukweli anaishije, na nikakuta karibu siku nzima anakula na kunusa, matunda, mizizi, samaki, wadudu, na akiona ugomvi mara nyingi anaukwepa. Dubu mmoja wa India na Sri Lanka hana meno mawili ya mbele ya juu, pengo hilo analitumia kufyonza mchwa kutoka kichuguu. Mimi nimekulia Kakamega, kumbikumbi tunawakaanga kwa chumvi, niliposoma hivyo yule dubu wangu akawa mtu wa nyumbani ghafla. Kuanzia hapo akawa anapika kambini, ananusa mgeni kabla ya kumsalimia, anaongea kidogo. Wachezaji wenzangu wakaanza kumuuliza yeye kwanza kabla ya kuingia pango lolote. Jike anazaa humo humo ndani ya tundu wakati wa baridi, nje theluji, ananyonyesha bila kula, na watoto wa dubu wa kahawia wanakaa na mama miaka miwili mpaka mitatu. Nilikuwa na kitu cha kuchezea hapo, we acha tu.

Wewe kampeni yako ni ya theluji, kwa hiyo una bahati ambayo mi sikuwa nayo. Dubu wengi wa nchi za baridi wanalala msimu mzima. Sasa wako kwa nini hajalala? Warusi wana neno, shatun, ni dubu ambaye hakunenepa vya kutosha au kaamshwa katikati ya baridi, anazunguka na njaa, na wanamuogopa kuliko dubu mwingine yeyote. Fikiria wako anafika kwenye kijiji cha kwanza cha binamu katikati ya theluji, mpole, anabisha hodi, na watu wa humo ndani wanachojua ni kwamba dubu aliye macho mwezi huu anaua. Hana haja ya kunguruma. Mpe binamu hilo swali la kwa nini hajalala na umwachie jibu ajaze yeye, kuna kifo huko nyuma, kuna mtoto kapotea, yeye atajua. DM ukimpa tundu la kujaza anampenda karakta wako kama wake.

Hao hao Warusi jina lao la dubu, medved, asili yake ni mla asali. Jina la zamani la mnyama mwenyewe mababu zao waliacha kulitaja kwa kuogopa kumuita. Hili sisi tunalielewa bila kufundishwa, bibi yangu usiku alikuwa hataki mtu aseme nyoka, useme kamba. Kwa hiyo dubu wako awe na jina ambalo binadamu hawalitaji, wana la kupita pembeni, na jina lenyewe wanalijua wenzake watatu wanne tu ambao amewaambia yeye.

Na huyo aliyesema Afrika hakuna dubu. Leo hakuna, kweli. Lakini kwenye milima ya Atlas, huko Morocco na Algeria, dubu waliishi mpaka karne ya 19 wakaisha kwa kuwindwa. Na hapa kwetu Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1900 walowezi walikuwa wanaandika habari za mnyama wa msitu wa Nandi, mabega juu, mgongo unateremka nyuma, manyoya, mkubwa kama simba, wakamwita dubu wa Nandi, wenyeji wana majina yao, moja ni kerit. Hakuna mwili uliowahi kupatikana na wataalamu wengi wanasema ni fisi aliyeonwa magharibi jua likizama. Hewala, lakini kwa gemu ambayo joka linapumua moto, kerit ni ushahidi tosha. Kama binamu anataka dubu wako atoke kusini ya mbali, msitu wa mvua juu ya milima ambako watu wanasikia kishindo usiku na asubuhi hawaoni kitu, hapo pana nchi nzima ya kuandika, na haijaandikwa kwenye kitabu chochote cha D&D nilichowahi kushika.

Sasa ile habari ya kutowaambia. Sikulazimishi. Ila ona kilichotokea, ulipeleka karatasi ya +4 na 2d8, wao wakaona mtu anataka kuwa na nguvu kuliko wote, wakajibu hivyo. Hakuna aliyeona babu kwenye ile karatasi kwa sababu hukumweka. Binamu yako, kama ni mtoto wa mjomba wako, huyo babu ni wake pia. Mpigie kabla ya Jumamosi, sio mezani mbele za watu, mwambie nataka kucheza mtu kama babu, alafu ndo mfungue ukurasa wa Goliath pamoja. Sidhani kama mtamaliza hiyo simu kwa kuongelea AC.

Klasi, yaani kazi ya karakta kama druid au mpiganaji, sijagusa, kwa makusudi. Wengi watakwambia babarian wa dubu, na ni kweli kwa sheria za 2014 akishikwa na hasira anapunguza nusu ya maumivu yote isipokuwa ya akili, ni ukuta. Lakini babu yako hukuniambia alikuwa na hasira hata mara moja. Angalia paladini, askari wa kiapo, au mpiganaji yule anayesimama karibu na mwenzake na kuweka ngao mbele yake dadu ikirushwa. Soma zote mbili leo usiku.

Na karatasi ya karakta andika kwa penseli, ile sehemu ya Large Form acha nafasi kubwa, maana mkifika levo ya 5 mtataka kuandika humo zaidi ya futi na dakika.